Jinsi ya Kufundisha Istilahi za Ushairi kwa Wanafunzi wa Shule ya Msingi

Kila muhula unapoanza, walimu wanaokabidhiwa somo la Kiswahili katika madarasa ya juu ya shule ya msingi huja na maswali yaleyale. Nianze na ubeti au nianze na vina? Mtoto ahesabu vipi mizani ya neno "mti"? Kituo na kibwagizo ni kitu kimoja au ni viwili? Kwa nini wanafunzi wamekariri maana zote vizuri, lakini wakipewa shairi wasilolijua wanashindwa kusema lina beti ngapi? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata darasani kuanzia kesho, hata kama wewe mwenyewe hujawahi kutunga shairi.

Msimamo unaouongoza ni mmoja: jina la kitu lije baada ya mtoto kukisikia na kukishika kitu chenyewe. Ukiandika ubaoni "Kina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo" kabla mtoto hajasikia sikioni mwake silabi hizo zikigongana, umempa sentensi ya kukariri, nayo haitamsaidia atakapofunguliwa shairi jipya katika mtihani. Kwa sababu hiyo, katika hatua zinazofuata fasili huja mwisho wa kipindi, na mara nyingi wanafunzi wenyewe ndio wanaoitoa.

Mambo ya kuandaa kabla ya kuanza

Huhitaji vifaa vya gharama. Andaa vitu hivi:

- Shairi moja fupi la beti mbili, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila au kwenye upande wa ndani wa katoni lililofunguliwa. Karatasi ni bora kuliko ubao kwa sababu shairi hilo litatumika katika vipindi vyote, na ubao hufutwa kila somo linapobadilika.
- Kanda nane za karatasi, kila ukanda ukiwa na mshororo mmoja wa shairi hilo.
- Kokoto, vizibo vya soda au mbegu za maharage, angalau 16 kwa kila jozi ya wanafunzi.
- Chaki au kalamu nene za rangi mbili.
- Vipindi sita hivi vya dakika 35 au 40. Unaweza kuunganisha hatua mbili ikiwa darasa linakwenda haraka, ila hatua ya kuhesabu mizani usiibane.

Andaa pia orodha ya istilahi utakazofundisha, na uwe mkali nayo. Kwa mwanafunzi anayeanza, saba zinatosha: ubeti, mshororo, kipande, mizani, kina, kituo na kibwagizo. Ukwapi, utao, mwandamo, ukingo, mloto, mleo, tarbia, takhmisa na nyinginezo ni istilahi nzuri, na zinaanza kuingia vizuri kichwani pale ambapo hizi saba zimekwisha kukaa. Mwalimu anayezimwaga zote katika kipindi kimoja hupata darasa linalojua majina mengi bila kujua lipi ni la nini.

Shairi la kufanyia kazi

Unaweza kutumia shairi lililomo katika kitabu cha darasa lako, ilimradi liwe la mishororo minne kwa kila ubeti, lenye mizani 8 kwa kila kipande na lenye mshororo wa mwisho unaorudiwa. Kama huna, tumia hili lililotungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Mitego yake imewekwa kwa makusudi.

MWEMBE WETU

Mwembe wetu uwanjani, kivuli chako chafika,
Chaingia darasani, joto lote laondoka,
Ndege wamo matawini, nyimbo zao zasikika,
Mti wetu wa thamani, hatutakubali shoka.

Embe zimo kileleni, manjano zimegeuka,
Twazingoja hapo chini, moja moja zadondoka,
Mwalimu akibaini, sote mbio twatoroka,
Mti wetu wa thamani, hatutakubali shoka.

Hatua ya 1: Ghani shairi kabla ya kutaja istilahi yoyote

Simama mbele ya darasa ulighani shairi lote mara mbili, taratibu, ukivuta pumzi kidogo kwenye kila mkato na pumzi ndefu zaidi mwishoni mwa kila ubeti. Ikiwa huna sauti ya kuimba usijali, kwa kuwa kulisoma kwa mapigo yaliyo sawa kunatosha. Mara ya tatu waache wanafunzi waipokee sehemu ya "hatutakubali shoka", na bila shaka wataipokea kwa nguvu kuliko ulivyotarajia.

Baada ya hapo zungumzeni maana. Nani anazungumza? Anazungumza na nani? Shoka limetajwa kwa sababu gani ilhali hakuna mtu anayekata kitu? Mwanafunzi akisema "hawataki mti ukatwe", ameelewa kuwa katika shairi jina la kifaa linaweza kusimama badala ya kazi yake, nawe huna haja ya kumwongezea nadharia.

Hapa pia ndipo pa kueleza maneno yanayoonekana mageni. Watoto watauliza kwa nini imeandikwa "chafika" badala ya "kinafika", na "twazingoja" badala ya "tunazingoja". Waambie kuwa ni maneno yaleyale katika njeo ambayo washairi huipenda kwa sababu ni fupi, kisha uwaahidi kuwa sababu ya kutaka ufupi huo wataiona wenyewe katika hatua ya 4. Itimize ahadi hiyo.

Onyo: usiruke hatua hii kwa kuona kwamba ni kuimba tu. Mwanafunzi asiyelijua shairi kwa sikio atakuwa anahesabu mistari ya wino.

Hatua ya 2: Ubeti na mshororo

Gawa kanda nane kwa wanafunzi wanane, wapange mbele ya darasa bila utaratibu, na uwaombe wenzao walipange shairi upya kwa kumbukumbu. Mabishano yatatokea kwenye kanda mbili zinazofanana, na hilo ni jambo jema kwa sababu litakufaa katika hatua ya 6. Shairi likishapangwa, mwambie mwanafunzi wa nne na wa tano waachane hatua mbili ili kundi ligawanyike mara mbili.

Sasa toa majina. Kila mwanafunzi aliyeshika ukanda ameshika mshororo, na kila kundi la wanafunzi wanne ni ubeti. Uliza maswali mafupi huku wakiwa wamesimama: ubeti wa pili unyooshe mikono, mshororo wa tatu wa ubeti wa kwanza upige hatua moja mbele, shairi zima liketi. Dakika tano za amri hizi hufanya kazi ambayo ukurasa mzima wa maelezo hauwezi kuifanya.

Sisitiza umoja na wingi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa makosa yakizoeleka hapa hayatoki: ubeti mmoja, beti mbili; mshororo mmoja, mishororo minne. Ukisikia "mabeti", sahihisha hapohapo.

Onyo: usiridhike kusema kuwa mshororo ni mstari tu. Neno mstari si kosa, na vipo vitabu vinavyolitumia, lakini mtoto anaelewa mstari kuwa ni ule uliochorwa katika daftari lake. Shairi likichapishwa katika safu nyembamba ya gazeti, mshororo mmoja hukunjwa ukawa mistari miwili, na mtoto atahesabu mishororo minane mahali penye minne. Mwonyeshe mfano wa namna hiyo mapema.

Hatua ya 3: Kipande

Rudisha shairi kwenye ukuta. Gawa darasa mara mbili: upande wa dirishani usome hadi kwenye mkato, upande wa mlangoni umalizie. Wakisoma beti zote mbili kwa namna hiyo watakuwa wamekwisha kuona kuwa kila mshororo una sehemu mbili zinazojibizana. Taja jina: kila sehemu ni kipande. Kata ukanda mmoja kwa mkasi palepale kwenye mkato ili waone vipande viwili mkononi mwako.

Hatua hii ni fupi. Kina cha kati hakiwezi kueleweka bila kipande, kwa hiyo hakikisha tu kuwa kila mmoja anaweza kuonyesha mahali kipande cha kwanza kinapoishia, kisha endelea.

Hatua ya 4: Mizani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo walimu wengi wapya wanapokwama pamoja na wanafunzi wao. Mizani ni idadi ya silabi, kwa hiyo anayekosea silabi atakosea mizani hata akijua fasili yake kwa moyo.

Anza na majina ya wanafunzi wenyewe. Kila mmoja atamke jina lake polepole huku akiweka kokoto moja mezani kwa kila silabi: A-sha kokoto mbili, Ju-ma mbili, Ze-na-bu tatu. Kisha nenda kwenye shairi. Kipande cha kwanza ni mwe-mbe we-tu u-wa-nja-ni. Kokoto nane. Kipande cha pili ni ki-vu-li cha-ko cha-fi-ka. Nane tena. Waache jozi wahesabu vipande viwili vinavyofuata bila msaada wako, ndipo upite ukiangalia mezani.

Utakuta makosa ya aina tatu.

Kosa la kwanza ni la irabu mbili zilizofuatana. Katika "chaingia" wengi wataweka kokoto tatu kwa sababu wanaitamka "chai" kama kinywaji. Itamke polepole: cha-i-ngi-a, silabi nne. Vivyo hivyo la-o-ndo-ka, za-o, zi-me-ge-u-ka. Kanuni rahisi ya kuwapa ni kwamba kila irabu unayoiona ina kokoto yake. Kanuni hii haina ugomvi katika Kiswahili, na inafanya kazi hata kwa irabu zinazofanana: "kaanga" ni ka-a-nga.

Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kuvunja konsonanti zinazokwenda pamoja. Mwanafunzi anaandika m-bi-o au n-de-ge, akapata silabi tatu badala ya mbili. Mbio ni mbi-o, ndege ni nde-ge, na nyimbo ni nyi-mbo.

Kosa la tatu linatokana na kosa la pili kusahihishwa kupita kiasi. Ukishasema kuwa m na b huenda pamoja, mtoto atahesabu "mti" kuwa silabi moja, kumbe ni m-ti, silabi mbili, na kipande cha "Mti wetu wa thamani" hakitatimia bila hiyo m kuhesabiwa. Je, m husimama peke yake lini? Mpe mwanafunzi jaribio la wingi. M ikifuatwa na konsonanti, geuza neno liwe katika wingi. Kama m imebadilika, ilikuwa silabi inayojitegemea: mti huwa miti, mpira huwa mipira, mbuyu huwa mibuyu, kwa hiyo m-ti, m-pi-ra, m-bu-yu. Kama haikubadilika, imeungana na inayofuata: mbuzi hubaki mbuzi, kwa hiyo mbu-zi. Jaribio hili linatatua hata mahali ambapo neno limeandikwa kwa herufi zilezile. "Mtu mbaya" ina m-ba-ya, silabi tatu, kwa kuwa wingi ni "watu wabaya". "Ndoo mbaya" ina mba-ya, silabi mbili, kwa kuwa wingi unabaki "ndoo mbaya". Wanafunzi wa darasa la sita hulifurahia sana hili, na baadhi yao wataanza kukuletea maneno ya kukutega.

Vighairi vya kukumbuka ni vichache. Maneno mafupi kama mbu, nzi, nge, nta, nne na nchi yana silabi mbili ingawa mengi yake hayabadiliki katika wingi, kwa sababu bila kuihesabu m au n neno lingebaki na silabi moja tu. Katikati ya neno, m inayofuatwa na konsonanti isiyokuwa b au v nayo husimama peke yake, kama katika a-m-ka. Jaribio la wingi halihusu mw, kama katika mwembe na mwalimu, kwa kuwa hapo m na w hutamkwa pamoja na irabu inayofuata.

Onyo kuhusu mbinu ya kidevu: walimu wengine huwaambia watoto waweke kiganja chini ya kidevu na kuhesabu mara kinaposhuka. Mbinu hiyo inafaa kwa "kalamu" na "kitabu", lakini inadanganya kwa "mti" na "mpira", maana midomo ikifumba kutamka m kidevu hakishuki. Tumia kokoto au makofi.

Wakishahesabu vizuri, timiza ahadi ya hatua ya 1. Andika "kivuli chako kinafika" uwaombe wahesabu. Watapata tisa. Sasa wanajua kwa nini mshairi alichagua "chafika".

Hatua ya 5: Kina

Soma ubeti wa kwanza kwa kuikazia silabi ya mwisho ya kila kipande: uwanjaNI, chafiKA, darasaNI, laondoKA. Usieleze lolote. Waulize wanasikia nini. Baada ya jibu kupatikana, wape chaki za rangi mbili wazungushie duara: rangi moja kwa silabi zilizo mwishoni mwa vipande vya kwanza, nyingine kwa zilizo mwishoni mwa vipande vya pili. Shairi likishajaa duara, safu mbili za rangi zitashuka wima kutoka juu hadi chini, na mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa ataziona.

Sasa toa jina. Silabi hizo ni vina. Za safu ya kwanza ni vina vya kati, nazo ni "ni". Za safu ya pili ni vina vya mwisho, nazo ni "ka". Tena angalia wingi: kina kimoja, vina viwili, kamwe si "mavina".

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kutaja herufi badala ya silabi. Mtoto anasema kina cha mwisho ni "a". Mrudishe kwenye kokoto: silabi ya mwisho ya "chafika" ni ipi? Kina ni silabi, si irabu yake peke yake. Kosa la pili ni kutaja neno zima, yaani kusema kina ni "uwanjani". Hilo husahihishwa na duara la chaki, kwa kuwa halikuzungushwa kwenye neno zima.

Malizia hatua hii kwa mchezo wa dakika kumi. Kila kundi likusanye maneno yanayoishia kwa "ka" na "ni". Watakuletea paka, nyoka, mkeka, haraka, cheka, anguka; na jikoni, mgeni, jirani, amani. Yahifadhi ukutani, kwa maana ni akiba ya hatua ya 8.

Hatua ya 6: Kituo na kibwagizo

Rudia swali la kanda mbili zilizofanana. Kwa nini mshororo ule umekuja mara mbili? Waache wanafunzi walighani shairi kwa kupokezana: mmoja anaongoza mishororo mitatu, darasa zima linaitikia wa nne. Kisha eleza kwa ufupi: mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, kwa kuwa hapo ubeti unatua. Kituo kinachorudiwa vilevile katika kila ubeti ndicho kibwagizo. Kwa hiyo kila kibwagizo katika shairi la namna hii ni kituo, lakini si kila kituo ni kibwagizo.

Ili tofauti hiyo ikae, badilisha mshororo wa mwisho wa ubeti wa pili. Andika "Tukirudi darasani, twajifanya twaandika". Hesabuni mizani, tazameni vina: vyote vimetimia. Sasa uliza: kituo kipo? Kipo. Kibwagizo kipo? Hakipo tena. Mtoto akiweza kujibu maswali hayo mawili, amezidi watu wazima wengi wanaoyachanganya.

Onyo: vitabu havikubaliani katika majina ya sehemu hii. Utakuta kiitikio, kipokeo na mkarara kwa mshororo unaorudiwa, na kimalizio au kiishio kwa usiorudiwa. Wengine hutumia kituo kwa maana ya mshororo wa mwisho wowote, kama tulivyofanya hapa. Chagua majina yanayotumiwa na kitabu cha kiada cha nchi yako, uyashikilie mwaka mzima, na uwataje wanafunzi visawe mara moja tu ili wasishtuke wakivikuta.

Hatua ya 7: Shairi lenye kasoro

Mazoezi ya kutengeneza kilichoharibika hupima uelewa kuliko maswali ya "nini maana ya". Andika ubaoni mishororo mitatu hii na uwaambie wanafunzi kuwa kila mmoja una ugonjwa wake:

a) Mwembe wetu shuleni, kivuli chako chafika,
b) Ndege wamo matawini, nyimbo zao zavutia,
c) Embe zimo juu ya mti, manjano zimegeuka,

Katika mshororo wa kwanza kipande cha kwanza kina mizani 7, na dawa yake ni neno dogo tu: "Mwembe wetu wa shuleni". Katika wa pili mizani imetimia lakini kina cha mwisho kimevunjika. Wa tatu una magonjwa mawili kwa pamoja, kwani kipande cha kwanza kina mizani 9 na kina cha kati si "ni" tena. Mwanafunzi aeleze kasoro kwa kutumia istilahi, si kwa kusema "halisikiki vizuri". Ingawa masikio yake yako sahihi, somo la sasa ni kulipa jina lile ambalo sikio limelikataa.

Ukimaliza, wape shairi jipya kabisa wasilolijua na maswali ya kawaida ya mtihani: shairi lina beti ngapi, kila mshororo una mizani ngapi, vina vya kati na vya mwisho vya ubeti wa kwanza ni vipi, kibwagizo ni kipi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nchini Tanzania umekuwa na sehemu ya ushairi kwa miaka mingi, na maswali yake mengi hayaendi mbali na hayo. Wafundishe kusoma swali kwa makini: mizani ya mshororo ni 16, mizani ya kipande ni 8, na mwanafunzi aliyezoea kuhesabu kipande hujibu 8 mahali palipoulizwa mshororo.

Hatua ya 8: Watunge kidogo

Usiwaambie watunge shairi. Wape nusu ya mshororo: "Ninapokwenda shuleni, ..." Wanatakiwa kuleta kipande cha pili chenye mizani 8 kinachoishia kwa "ka", wakitumia akiba ya maneno iliyo ukutani. Mmoja ataandika "mapema ninaamka", mwingine "njiani ninaanguka", na darasa litahesabu kwa makofi kama vimetimia. Vyote viwili vimetimia: ma-pe-ma ni-na-a-m-ka, nji-a-ni ni-na-a-ngu-ka. Baada ya vipande vingi kukusanywa, kundi lichague vinne vinavyoelekeana na kuviunga kuwa ubeti mmoja, ambao kundi jingine litaukagua kwa istilahi zote saba.

Kwa kazi hii, usihukumu uzito wa mawazo. Mtoto wa miaka kumi na moja anayetimiza mizani kwa kusimulia jinsi paka alivyoiba samaki amefanya kazi aliyotumwa.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Darasa lina wanafunzi wengi mno kwa kazi za makundi. Tumia madawati kama mishororo. Kila dawati ni mshororo mmoja, safu ya madawati manne ni ubeti, na amri za hatua ya 2 zinafanyika wanafunzi wakiwa wameketi. Kokoto zibadilishe kwa vidole: silabi nane ni vidole vya mkono mmoja na vitatu vya mkono wa pili, na mwalimu huona kwa mara moja nani ameinua saba.

Wanafunzi wanachanganya ubeti na mshororo wiki moja baadaye. Rudia amri za kusimama na kuketi kwa dakika tatu mwanzoni mwa kipindi, badala ya kurudia fasili. Mara nyingi mkanganyiko huu unatokana na mwalimu kusema "mstari" siku moja na "mshororo" siku nyingine.

Maneno ya mkopo yanavuruga mizani. Maneno kama "daktari", "labda" na "Alhamisi" yana konsonanti mbili zinazofuatana, na walimu hawahesabu silabi zake kwa namna moja. Kwa wanaoanza, chagua mashairi yasiyo na maneno hayo. Yakijitokeza, mwulize mwanafunzi hesabu ipi inaufanya mshororo ulingane na mingine, kwa kuwa mshairi aliyetunga kwa urari ameshaonyesha jibu lake katika mishororo inayouzunguka.

Matamshi ya nyumbani ni tofauti. Mwanafunzi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza anaweza kuongeza irabu baada ya m, akatamka "muti" na "mupira". Idadi ya silabi haibadiliki, kwa hiyo usimkatishe wakati wa kuhesabu. Sahihisha matamshi wakati wa kughani.

Shairi la kitabuni lina vina tofauti katika kila ubeti. Si kosa. Waeleze kuwa vina vinaweza kubadilika ubeti hadi ubeti, na ndiyo maana swali la mtihani hutaja "vina vya ubeti wa kwanza". Unaweza pia kukutana na kibwagizo kisichofuata vina vya mishororo iliyotangulia, nalo ni jambo la kawaida.

Shairi lina kipande kimoja tu kwa kila mshororo. Huenda ni utenzi. Utenzi huwa na mishororo minne ya mizani 8, mitatu ya mwanzo ikiwa na kina kimoja, na wa nne ukiwa na kina kinachorudiwa mwishoni mwa kila ubeti wa utenzi mzima. Wanafunzi wasitafute kina cha kati mahali ambapo hakipo.

Shairi halina vina wala mizani. Hilo ni shairi huru. Watu wazima walibishana sana juu ya mashairi ya aina hii katika miaka ya 1970, na huna haja ya kuuingiza ubishi huo darasani. Waambie wanafunzi kuwa beti na mishororo bado zinahesabika, kisha waulize vina viko wapi. Jibu "havipo" ni jibu sahihi, na mwanafunzi anayelitoa bila woga apewe alama zake.